Mzigo wa Jina Moja

Kwetu, mtu akikuuliza jina anataka kwanza kujua wewe ni wa ngapi. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili ana lake, wa tatu ana lake, na wavulana vivyo hivyo. Majina hayo yalikuwepo kabla hatujazaliwa, yakitusubiri. Hesabu ni ya tumbo la mama. Ukisimama katikati ya soko la Butembo ukaita jina langu, watageuka wanawake wengi kuliko unavyoweza kuwasalimia, na wote watakuwa mabinti wa tatu wa mama zao. Ndiyo maana sioni haja ya kuliandika hapa. Kama wewe ni mtu wa huko umeshalijua, na kama ni mgeni halitakusaidia kunipata.

Shida yangu ilikuwa kwamba nyumbani kwetu mimi nilikuwa wa pili. Dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu wote, alikuwa na jina la wa pili. Mimi nilikuwa na la wa tatu. Jina la kwanza halikuwa na mtu. Shuleni wenzangu walinitania kwamba mama yetu hajui kuhesabu, au kwamba tulimuuza mmoja. Nilipofika umri wa kuuliza, shangazi yangu alinijibu huku akimenya viazi kwamba wa kwanza alikufa mchanga, na kwamba waliokufa nao wanahesabiwa. Jibu hilo lilinitosha. Nyumba nyingi za Butembo zina pengo kama hilo kwenye mstari wa majina, na mtu mwenye adabu hatii kidole. Mama mwenyewe hakuwahi kusema lolote juu yake. Nilidhani ni uchungu unaomnyamazisha, nikamheshimu kwa huo.

Mama alikuwa mzaliwa wa Lubero, kule juu kwenye baridi na viazi, na baridi ile aliteremka nayo mpaka Butembo. Baba alikuwa amefariki kabla ya vita. Katika kanisa letu la Kiprotestanti pale Kimemi, mama ndiye aliyewaongoza akina mama wenzake. Kitenge chake cha kanisa alikipiga pasi ya makaa mpaka kikakaribia kusimama chenyewe. Msichana wa kanisa akipata mimba kabla ya kuolewa, aliletwa kwa mama, nao wawili walikaa kwenye benchi la nyuma, mlango umerudishwa, mpaka jua linapinda. Sisi watoto tulidhani anamgombeza. Watu walimwogopa mama, nami nilijivunia kuogopwa kwake kama wengine wanavyojivunia nyumba ya ghorofa.

Vita vya pili vya nchi yetu vilinikuta nimeolewa na mwalimu. Mwalimu wakati ule alikuwa mtu wa kusalimiwa kwa heshima na kulala njaa. Mji ulikuwa mikononi mwa wapiganaji waliojiita serikali, Kinshasa ilikuwa kama nchi nyingine, na aliyekula Butembo alikuwa yule anayechuuza. Mume wangu alibaki na chaki yake. Mimi nikafunga kitenge, nikaenda Kasindi kununua vitu vya kuja kuuza.

Lazima nieleze jinsi mzigo ulivyokuwa unapita, maana mtu ambaye hajawahi kusimama Kasindi na balo la nguo kichwani hatanielewa. Vitu vilitoka baharini, vikapita Kampala, vikafika mpakani. Sisi wadogo tulivinunua ng'ambo, upande wa Uganda, na kuvivusha. Upande wetu kulikuwa na vibanda. Kibanda cha duane, yaani ushuru wa forodha. Kibanda cha afya. Kibanda cha usalama. Kibanda cha barabara, ingawa barabara yenyewe ilikuwa matope matupu. Na kulikuwa na kibanda kimoja ambacho hata aliyekaa ndani hakuweza kutuambia ni cha nini, ila alikuwa na mhuri, kwa hiyo tulipanga foleni. Kila kibanda kilihesabu mtu, hakikuhesabu mzigo. Mwanamke mwenye mabalo mawili alizungushwa sawasawa na tajiri mwenye lori zima, tena zaidi, maana tajiri alikuwa na mtu wa kumzungukia. Halafu yakaja mabariera ya njiani, moja baada ya jingine mpaka Beni, na mengine kutoka Beni mpaka Butembo. Kila askari aliinua mkono na kuuliza mwenye mzigo ni nani.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Siku moja, nikiwa kwenye foleni ya kile kibanda kisicho na kazi, nilisema kwa sauti kwamba huu ni ujinga, tuunganishe mizigo yetu yote iwe mzigo mmoja, lori moja, karatasi moja, jina moja, tupite mara moja kama tajiri. Wenzangu walipenda lori moja. Walipenda karatasi moja. Kwenye jina moja wakakwama. Kila mmoja aliogopa kuweka chumvi yake chini ya jina la mwenzake. Mwenye jina akiugua? Akikorofishana nasi? Akibaki Kasindi na lori likasonga mbele?

Ndipo likanijia, na niliposema, hata mimi nililicheka. Tutafute wa tatu watupu. Kikundi cha mabinti wa tatu, wote jina moja. Kwenye karatasi hatutaandika jina la ubatizo, tutaandika lile la kuzaliwa tu. Yeyote atakayeulizwa njiani atasema mzigo ni wangu, naye hatakuwa amedanganya. Vitambulisho vya serikali vilikuwa vimeacha kuchapishwa tangu zamani. Sote tulitembea na cheti cha kuthibitisha kwamba tumepoteza kitambulisho, hata sisi ambao hatukuwahi kuwa nacho, na kwenye vyeti vyetu jina lilikuwa lile lile.

Tukawapata. Haikuwa kazi, mji wetu umejaa wa tatu. Mtu wa kutuandikia makaratasi ya duane, bwana mmoja wa tai na kandambili, alitikisa kichwa akasema hajawahi kuona kampuni ya namna hii, lakini akaandika. Safari ya kwanza tulifika Butembo jua lingali juu. Tulikuwa tumezoea kulala njiani. Wanawake wengine wakaanza kutuomba nafasi, tukawauliza wewe ni wa ngapi, na wakisema wa nne tunawaambia samahani, mama yako alichelewa. Nilitamba. Nilimweleza kila mtu kwamba wazo ni langu. Mama aliponisikia nikijisifu jikoni kwake aliinua uso, akaniuliza kama kwenye bariera wanauliza pia habari za ndugu zetu. Nikasema hapana, wanauliza jina tu. Akarudi kwenye maharage yake.

Ilikuwa majira ya mvua tulipofika Beni na lori la chumvi na sabuni, na vitenge kidogo juu. Hapo kwenye uwanja wa ukaguzi walikuwa wamemleta mkubwa mpya, mgeni kutoka mbali, mtu wa Kilingala na Kifaransa ambaye Kiswahili alikuwa anakitafuta. Shati lake lilikuwa safi. Hakutuomba matabishi yoyote, ile hongo ndogo ya njiani, na hilo ndilo lililotutisha. Alisoma karatasi yetu taratibu, akasema mwanamke wa jina hili anatafutwa. Alitorosha sigara kutoka uwanja huu huu kwa njia ya nyuma, bila kulipa ushuru. Kisha akauliza kile ambacho kila mtu aliuliza.

“Mwenye muzigo ni nani?”

Ulimi ulikuwa umezoea. Hatukungoja kufikiri.

“Ni miye,” tukasema, sote kwa mara moja.

Akatutazama mmoja mmoja. Akaomba vyeti, akavipanga mezani, jina moja, jina moja, jina moja. Alidhani tunamfanyia mchezo. Mmoja wetu, mkubwa wetu kwa umri, ambaye alikuwa pia mshiriki wa kanisa letu, akamweleza kwa upole jinsi majina ya kwetu yanavyokwenda. Alimsikiliza vizuri. Lilimvutia, ukweli nisimnyime. Akasema sawa, kama ni hivyo jambo ni rahisi: mwanamke wa tatu lazima awe na wa kwanza na wa pili. Kila mmoja aje hapa aniambie dada zake wako wapi.

Wenzangu wakapita. Wa kwanza ameolewa Lubero, wa pili anauza dawa Butembo. Wa kwanza mtawa, wa pili yuko hapa hapa Beni. Mmoja alikuwa na wa pili aliyekufa, naye alijua alikufa kwa surua, alizikwa wapi, na aliyemzika alikuwa nani. Nikafika mimi. Nikasema wa pili yupo, wa kwanza alikufa. Alikufa wapi? Sijui. Alikuwa na umri gani? Mchanga. Mchanga kiasi gani? Sijui. Jina lake la ubatizo? Sijui. Amezikwa wapi? Mimi mwenye mdomo wa kila kitu nilisimama pale nikasema sijui mpaka neno lenyewe likaanza kuninukia. Akaweka kalamu chini.

“Wewe hauko wa tatu,” akasema. “Hii jina uliikopa.”

Kwa akili yake hesabu ilikuwa imetimia. Wote walikuwa na majina yao, mimi peke yangu nilikuwa na la kuazima, kwa hiyo mwanamke wa sigara ni mimi. Alisema mzigo utabaki mpaka mama yangu aje aape. Akaamuru lori lishushwe. Nikawekwa kwenye chumba walichowekea mali zilizokamatwa, nikakalia mifuko ya watu nisiowajua, na dirishani nikawa naona chumvi yetu imepangwa uwanjani chini ya turubai lililotoboka. Mvua ikaja mchana ule. Chumvi ile ilikuwa ndiyo mtaji wa wanawake wote wa kikundi chetu, wengine walikuwa wamekopa kwa shemeji, wengine wameuza mbuzi. Niliitazama ikilowa. Maji yaliyotoka chini ya turubai yalikuwa yanatengeneza njia nyeupe kwenye tope.

Yule mshiriki mwenzetu wa kanisa ndiye aliyekwenda Butembo kumwita mama. Kesho yake mama akafika. Hakuwa ametoka mjini tangu vita vianze, maana barabara ile ilikuwa inakula watu, lakini alishuka kwenye gari la makaa akiwa amevaa kitenge chake cha kanisa, amekipangusa vumbi jeusi, mgongo umenyooka. Nilifurahi. Niseme kweli, sikuwa na wasiwasi tena. Nilijua atakaa kwenye kiti, atasema neno moja, alikufa, na kila mtu atamwamini kwa vile alivyo. Nilipoletwa ofisini nilimnong'oneza kwa Kinande, lugha yetu, kwamba aseme tu alikufa akiwa mchanga, halafu tuondoke. Akanirekebisha kilemba changu kwanza.

Mkubwa alimpa kiti, akamwita mama, akatoa Biblia kwenye mtoto wa meza. Wenzangu walikuwa wamesimama mlangoni. Nyuma yao kulikuwa na madereva, wapakuzi, na watu wa foleni waliokuwa wamesikia kwamba kuna kesi ya majina. Mama aliweka mkono juu ya Biblia kabla hajaambiwa.

“Mama, mutoto wako wa kwanza mwanamuke alikufaka?”

Mama alitazama mkono wake. Nikaona anachelewa, nikamsaidia.

“Alikufaka, shefu. Mama hapendi kuizungumuzia.”

“Naongea na mama.”

Mvua ilikuwa inaanza tena juu ya mabati. Nakumbuka nilifikiria chumvi, nikamkasirikia mama kwa kuchelewa.

“Hakukufa,” mama akasema. “Iko muzima. Iko Kamango, iko nalima mupunga na bwana wake.”

Mkubwa alimuuliza, bila ukali, kama huyo naye ni mtoto wa marehemu baba yetu.

“Hapana. Nilimuzalaka mbele ya kuolewa, nikingali kwa masomo. Bwana wangu alijua.” Kisha akanielekezea kidole, mimi niliyekuwa nimesimama karibu yake. “Huyu iko wa tatu wangu. Hakukopaka jina ya mutu.”

Mkubwa alifunga Biblia, akasema mama hawezi kutoka Butembo kwa barabara hii kuja kujitungia jambo kama hilo, akapiga mhuri. Mhuri ule tuliousubiri ulipigwa kwa urahisi kuliko yote niliyowahi kuona.

Na mimi? Ningependa kuandika kwamba nilimshika mkono. Nilisikia haya. Haikuwa haya ya kumwonea huruma, ilikuwa haya ya kuwa mtoto wake mbele ya watu wale. Masikio yaliniwaka. Nilihesabu madereva niliowafahamu mlangoni. Niliwaza habari hii itafika sokoni kabla yetu, na nani ataisimulia kwa nani. Yeye alikuwa anamtazama mkubwa usoni, mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu.

Tukapakia. Mifuko ya chini ilikuwa imeyeyuka nusu. Kila mwanamke alipopita mbele ya mama aliinama kidogo akasema wasingya, asante yetu ya Kinande, lakini macho aliyapeleka pembeni. Mama akapandishwa mbele kwa dereva. Mimi nilikuwa na haki ya kukaa naye, nikasema nitaangalia mzigo, nikapanda juu. Huko juu walizungumza habari za sabuni kwa sauti kubwa njia nzima. Kwenye bariera ya kwanza askari akauliza mwenye mzigo ni nani, na kwa mara ya kwanza kikundi chetu chote kikanyamaza, kila mmoja akimngoja mwenzake. Mama ndiye aliyetoa kichwa dirishani, akasema ni wake. Tukapita.

Kanisani habari ilifika kama nilivyojua itafika. Wazee hawakuwa wabaya. Walimwomba apumzike kidogo na kazi ya kuongoza akina mama, na neno kidogo walilirudia mara kadhaa. Jumapili iliyofuata alikaa kwenye benchi la nyuma, lile la wasichana. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimemwambia mume wangu kwamba kwaya ya kanisa la mtaa wa pili inaimba vizuri zaidi, nikaenda huko na watoto. Jumapili nyingi nilikwenda huko, na nilikuwa nimewahi kusikia kwaya ile, haikuimba vizuri. Ni yaya aliyekaa na mama. Yaya hakuwa mtu wa kutamba kama mimi, kwa hiyo hakuwa na mengi ya kupoteza, au ndivyo nilivyojiambia.

Lililonichoma zaidi ni kwamba mkubwa wa Beni alilipenda somo lake. Alikuwa mtu wa kupenda utaratibu. Tangu siku ile kila mwanamke wa kwetu aliyepita na mzigo aliulizwa jina, halafu akaulizwa wa kwanza yuko wapi, wa pili yuko wapi, na majibu yalitolewa kwa sauti mbele ya foleni. Mwanamke mmoja alilia pale kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwa amemtaja kwa miaka. Mwingine alisema dada yake yuko Kampala, akaulizwa anafanya nini Kampala. Nilitaka kupunguza kibanda kimoja, nikaongeza kingine kigumu kuliko vyote. Kikundi chetu kilikufa bila ugomvi. Kila mmoja alirudi kuzungushwa peke yake na balo lake.

Chumvi yangu iliyolowa haikufaa kuuzwa. Kwangu hakukuwa na uwanja, basi niliipeleka kwa mama kuianika juu ya plastiki, mahali jua linapofika. Alinisaidia kuigeuza kwa mikono. Hatukuwa tumezungumza lolote la maana tangu Beni. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi, nikaipeleka kwake. Nikamwambia yote haya yasingetokea kama angekuwa ametupangia majina vizuri tangu mwanzo. Angempa yaya la kwanza, mimi la pili, na mstari ungeanza pale alipoolewa. Huku Butembo nani angejua? Hata mimi nisingejua. Tungepita Beni kama wengine wote.

Alivunja bonge la chumvi kwa kiganja, akalitandaza.

“Baba yenu alinishauria vile vile,” akasema. “Lakini ile jina ilikuwa na mwenyewe. Ningemupa yaya yako, ule wa Kamango angeitwa nani?”

Nilikuwa nimelibeba jina la wa tatu tangu kuzaliwa, nikalitembeza kwenye kila bariera ya barabara ile, nikaliuza kwa wenzangu, nikacheka nalo. Hakuna siku niliyojiuliza kwa nini halikuwa la pili. Niliendelea kugeuza chumvi, naye akaendelea.

Ilipokauka alijaza mfuko mmoja, akaufunga kwa kamba ya mgomba, akasema kule Kamango chumvi imekuwa adimu tangu vita vifunge njia, nimtafutie dereva. Hakuniomba msamaha wala hakunieleza zaidi ya mahali yule binti anapolima na jina la mumewe. Aliniambia tu nimpe dereva, kana kwamba ni jambo tulilokuwa tukilifanya kila mwezi.

Nilikwenda kwenye maegesho asubuhi, mahali magari ya Beni yanapojaza watu. Palikuwa na wauza mikate, wapakiaji, wanawake wa kikundi chetu cha zamani wakisubiri nafasi na mabalo yao. Nikampata dereva anayefika Kamango, nikampa mfuko na jina. Akacheka. Akasema wa kwanza wa Kamango wamejaa, ampe yupi? Nikamweleza anakolima na jina la mumewe. Akaniuliza aseme mzigo umetoka kwa nani, maana watu siku hizi wanaogopa kupokea vitu.

“Sema imetoka kwa mama yake,” nikasema. “Muambie aliyeileta ni mudogo wake.”

Injini ilikuwa inaunguruma. Aliweka mkono sikioni, akaniambia niseme kwa nguvu, hajasikia. Nikageuka kwanza kuangalia ni nani aliye karibu, ndipo nikasema.